Kaskazini haiko darini: tuwafundishe watoto wetu kuisoma ardhi

Katika darasa moja la shule ya msingi huko Kitanga, kwenye nyanda za juu za Kigoma upande wa Kasulu na Kibondo, tulimwomba mwalimu ruhusa ya kuwauliza watoto swali moja tu: "Kaskazini ni wapi?" Mikono iliinuka kwa wingi. Mtoto wa kwanza aliyeteuliwa alisimama wima, akanyoosha kidole kuelekea darini. Wenzake hawakumcheka, kwa kuwa wengi wao walikuwa tayari kutoa jibu hilohilo.

Hatukuona sababu ya kumlaumu. Mbele yake ilitundikwa ramani ya Tanzania, na kwenye ramani hiyo mshale wa kaskazini ulielekea juu. Amefundishwa kwamba kaskazini ni juu na kusini ni chini, akayashika maneno kama alivyoyapokea. Ukuta ulioibeba ramani ulikuwa upande wa kusini wa darasa, hivyo kila alipoitazama alikuwa ameipa kaskazini kisogo.

Ndipo tukawauliza watoto wa Kiislamu waliokuwemo: "Nyumbani mkiswali mnaelekea wapi?" Hapo hapakuwa na kusitasita. Walijitazama mahali walipo, wakageuka karibu wote kwa pamoja, wakaelekea dirisha la nyuma. Walikuwa wamepatia. Miili yao ilijua jambo ambalo daftari zao hazikuwa zimewaambia: kwamba kibla chao kipo upande wa kaskazini, kikiegemea mashariki kidogo.

Makala haya yanatokana na dakika hizo chache. Tunaamini kwamba mtoto wa Kitanga, sawa na mtoto wa Ujiji au wa Temeke, huingia darasani akiwa tayari na maarifa mengi ya mahali na mwelekeo. Anajua njia ya mkato ya kisimani, anajua mlima upi hutangulia kufunikwa na mawingu, na anajua shamba la baba linapokoma na la jirani linapoanzia. Upungufu upo kwetu sisi watu wazima, tunaomkabidhi ramani kabla ya kumwonesha kwamba ramani ni ardhi yake ileile iliyochorwa.

Ramani inayokaririwa

Kwa mtaala mpya ulioanza kutumika nchini mwaka 2024, watoto wa shule za msingi wanasoma somo la Jiografia na Mazingira. Ramani ni sehemu ya msingi ya somo hilo. Watoto hutajiwa mambo yanayoikamilisha ramani: jina lake, fremu, ufunguo, dira ya kuonesha uelekeo, na skeli. Wengi huyakariri matano hayo kama wanavyokariri majedwali ya kuzidisha, na katika mtihani huyaandika bila kosa.

Tatizo hujitokeza baadaye, mwanafunzi anapofika sekondari na kuwekewa mbele karatasi ya ramani ya topografia yenye skeli ya 1:50,000. Hapo anatakiwa apime umbali wa barabara inayopinda, aeleze mto unatiririkia upande gani, na aseme kwa nini watu wamejenga kwenye mgongo wa mlima badala ya bondeni. Aliyekariri maana ya skeli bila kuitumia huduwaa. Aliyewahi kuchora uwanja wa shule yake kwa hatua za miguu yake hutabasamu, kwa sababu swali hilo analifahamu tangu utotoni.

Waalimu hatuwalaumu. Madarasa mengi ya vijijini yana watoto wengi kuliko madawati, na ramani ya ukutani ikichanika huchukua miaka kupata nyingine. Lakini ramani ya kwanza ya mtoto haihitaji kununuliwa. Inahitaji uwanja, kamba, kijiti na mtu mzima mwenye subira.

Tuanze na chumba, kisha uwanja

Mtoto aanze na kile anachoweza kukizunguka. Mwambie ajifanye ndege aliyetua juu ya paa, na kwamba paa limeondolewa. Anaona nini? Haoni miguu ya meza, anaona uso wake. Haoni urefu wa mlango, anaona upana wake. Hatua hii ndogo ndiyo ngumu kuliko zote, kwa sababu mtoto huchora nyumba kama anavyoiona akiwa amesimama mbele yake, ikiwa na mlango, madirisha na moshi. Akishaweza kuichora kama inavyoonekana kutoka juu, amevuka kizingiti.

Baada ya hapo ndipo skeli huingia. Darasa lina urefu wa mita 8 na upana wa mita 6. Haliwezi kuingia kwenye daftari, basi kila mita moja tuiwakilishe kwa sentimita moja. Mchoro utakuwa wa sentimita 8 kwa 6. Siku ya pili toka naye uwanjani. Uwanja ni mkubwa zaidi, kwa hiyo sentimita moja sasa ibebe mita 10. Mtoto atagundua mwenyewe kwamba kadiri eneo linavyopanuka ndivyo vitu vinavyopungua ukubwa kwenye karatasi, na kwamba vingine hulazimika kuachwa. Atakapokutana na ile karatasi ya 1:50,000 hatashangaa kuambiwa kwamba sentimita 2 ni kilomita nzima.

Wasichana wasiachwe nyuma katika zoezi hili. Katika familia nyingi mvulana hutumwa mbali, huchunga, huendesha baiskeli hadi mnadani, na kwa hiyo hujifunza njia. Msichana huzuiliwa karibu na nyumba, kisha husemwa kwamba hajui kuelekea. Kinachomkosesha ni fursa, wala si akili. Mpe naye kamba apime, mpe kalamu achore.

Kijiti, kivuli na kibla

Waislamu tuna mwalimu mkubwa wa jiografia ambaye mara nyingi hatumtambui, naye ni swala yetu. Mara tano kwa siku tunalitazama jua au athari zake, na mara tano tunajielekeza mahali pamoja duniani. Tangu ilipoteremka amri ya kuelekea Msikiti Mtukufu, katika mwaka wa pili wa Hijra, kila Mwislamu popote alipo amelazimika kujiuliza: mimi niko wapi, na Makka iko wapi?

Swali hilo liliwafanya wanazuoni wetu wa zamani kuwa mabingwa wa upimaji. Al-Biruni aliandika mwaka 1025 kitabu kizima kuhusu namna ya kubainisha mahali ilipo miji, na kupata kibla lilikuwa miongoni mwa makusudio yake. Wanafalaki wa Kiislamu walitumia pia njia nyepesi waliyoiita duara la Kihindi, ambayo mtoto wa darasa la nne anaweza kuifanya leo nyuma ya nyumba yao.

Simika kijiti kilichonyooka mahali tambarare, asubuhi jua likiwa limeshapanda. Weka alama kwenye ncha ya kivuli. Funga kamba kwenye shina la kijiti, uchore duara linalopita kwenye alama hiyo. Kivuli kitafupika hadi adhuhuri, kisha kitarefuka tena upande wa pili. Ncha yake itakapoligusa duara kwa mara ya pili, weka alama nyingine. Unganisha alama mbili hizo: ya asubuhi ni magharibi, ya alasiri ni mashariki. Mstari unaoukata huo kwa pembe mraba ni wa kaskazini na kusini. Mtoto akisimama juu yake, mashariki ikiwa mkono wa kulia, anaitazama kaskazini. Hapo atajua kwamba kaskazini haiko darini.

Kijiti hichohicho humfundisha nyakati za swala. Kivuli kinapofikia ufupi wake wa mwisho kisha kikaanza kurefuka, adhuhuri imeingia. Akikiacha mwaka mzima ataona jambo lingine la ajabu. Mwezi wa Juni, kivuli cha adhuhuri hapa Kasulu huelekea kusini, na Desemba huelekea kaskazini. Mwanzoni mwa Machi na mwanzoni mwa Oktoba karibu kivuli kitoweke, kwa kuwa jua hupita utosini. Huko ndiko kuishi kusini kidogo ya Ikweta, na hakuna kitabu kitakachomweleza vizuri zaidi.

Sasa tutafute kibla. Dar es Salaam ipo karibu na longitudo ya nyuzi 39.3 mashariki, na Makka ipo nyuzi 39.8. Miji hii miwili imekaa karibu kwenye mstari mmoja, ndiyo maana mwenye kuswali Dar es Salaam huelekea kaskazini takriban moja kwa moja. Kasulu ipo nyuzi 30.1, mbali sana kuelekea magharibi. Mtu wa Kasulu anayeelekea kaskazini kamili ataipita Makka kwa mbali, ikiwa mkono wake wa kulia. Inampasa ageuke yapata nyuzi 20 kuelekea mashariki. Mtoto anaweza kuipata pembe inayokaribiana na hiyo kwa kukunja kona ya karatasi: ikunje mara moja upate nyuzi 45, ikunje tena upate nyuzi 22 na nusu. Makka yenyewe ipo umbali wa takriban kilomita 3,000.

Familia iliyohama kutoka Dar es Salaam kuja Kasulu ina somo zima hapo. Kwa nini babu wa Temeke na mjukuu wa Kasulu, wote wakielekea nyumba moja, hawaelekei upande mmoja? Mtoto atakayelijibu swali hilo kwa kuchora ameielewa longitudo. Tunasisitiza kwamba lengo letu si kuzua mzozo wa safu misikitini. Masuala ya kibla cha msikiti yana wenyewe, nao ni masheikh na wataalamu. Sisi tunazungumzia somo la mtoto.

Mto unaoenda mbali ili urudi

Mtoto akishajua pande, apewe ramani ya mkoa wake na aoneshwe Mto Malagarasi. Mto huu huanzia kwenye milima ya mpakani na Burundi, si mbali sana na Ziwa Tanganyika. Mtu angedhani ungeshuka moja kwa moja hadi ziwani. Badala yake huelekea kaskazini mashariki ukiufuata mpaka, kisha hugeuka na kupita nchi ya Kibondo ukielekea kusini mashariki, hujitandaza katika ardhi oevu kubwa ya Malagarasi na Muyovozi, halafu hugeukia magharibi, hupita Uvinza, na mwishowe huingia Ziwa Tanganyika kusini ya mji wa Kigoma. Umezunguka mamia ya kilomita kurudi karibu na ulikoanzia. Ardhi oevu hiyo iliandikishwa mwaka 2000 chini ya Mkataba wa Ramsar, ikiwa ya kwanza kwa Tanzania.

Mwulize mtoto: kwa nini mto haukupita njia fupi? Hapo ndipo kontua zinapopata maana. Zile duara za kahawia zinazobanana kwenye karatasi ni miteremko anayoipanda kwa jasho akitoka kuteka maji. Maji hayapandi mlima, hutafuta mteremko hata kama ni wa mbali. Kisha mwongoze zaidi: maji ya Ziwa Tanganyika hutoka kwa Mto Lukuga, huingia Mto Kongo, na humwagika Bahari ya Atlantiki. Tone la mvua lililoanguka juu ya paa la shule ya Kitanga likaingia Malagarasi, kama halikukauka njiani, safari yake haiishii Bahari ya Hindi tunayoiona kwenye picha za Dar es Salaam. Na ng'ambo ya vilima, huko Burundi, maji ya Mto Ruvubu huingia Kagera, na kutoka huko huenda Ziwa Victoria na Mto Nile hadi Misri. Ramani humwonesha mtoto wa kijijini kwamba nyumba yao haiko pembezoni mwa dunia.

Tusisahau kumwambia pia kwamba ramani huchorwa na binadamu, na binadamu hukosea. Katikati ya miaka ya 1850, mmisionari Jakob Erhardt, akiwa pwani yetu, alichora ramani ya bara kwa kusikiliza simulizi za wasafiri wa misafara. Kila msafiri alimweleza ziwa aliloliona mwisho wa njia yake. Erhardt aliyaunganisha yote, na maziwa matatu, Nyasa, Tanganyika na Victoria, yakawa ziwa moja kubwa lisilokuwepo. Wasafiri hawakukosea, maana kila mmoja aliijua njia yake. Aliyekosea ni yule aliyechora ardhi asiyoikanyaga. Na katika ramani ya Al-Idrisi, iliyokamilika mwaka 1154 huko Sicily, kusini ndiyo iliyowekwa juu. Kaskazini kuwa juu ya karatasi ni makubaliano tu ya watu.

Shamba la ekari nane

Huenda msomaji akauliza: haya yote yatamsaidia nini mtoto ambaye atakuwa mkulima wa maharage na mihogo? Tunamjibu kwa mfano wa mirathi.

Mzee amefariki, wazazi wake walishatangulia. Ameacha mke, watoto wawili wa kiume, watatu wa kike, na shamba la ekari nane. Madeni yamelipwa na hakuna wasia. Kwa sheria yetu mke anapata thumni, yaani sehemu moja kati ya nane, nayo ni ekari moja. Zinabaki saba. Mwanamume akihesabiwa mafungu mawili na mwanamke fungu moja, jumla ni mafungu saba. Kila mvulana ekari mbili, kila msichana ekari moja. Hesabu imetimia bila baki, na sheikh ameisoma mbele ya wote.

Lakini hesabu ya karatasini ni nusu ya haki. Nusu nyingine ipo shambani. Nani anajua ekari moja inakomea wapi? Wengi vijijini huihesabu kwa hatua 70 kwa 70, ila hatua za nani, na mteremkoni au tambarare? Na ekari ya bondeni penye unyevu si sawa na ekari ya juu penye mawe, ingawa kwa upimaji zinalingana. Mara ngapi mjane ameoneshwa kwa kidole, "chako ni kile pale," akaitikia kwa sababu ya huzuni na heshima, kisha mwaka wa pili mpaka ukasogea? Mara ngapi dada wameambiwa fungu lao lipo, bila mtu kulichora popote?

Familia yenye kijana, wa kike au wa kiume, anayeweza kupima kwa kamba, kuchora shamba kwa skeli, kuonesha mto, mti na njia, kisha kugawa mchoro huo mbele ya sheikh na mashahidi, imejifungia mlango mmoja wa dhuluma. Mchoro huo hauchukui nafasi ya hati wala ya mpimaji wa serikali. Lakini unawafanya wote wazungumze juu ya kitu kimoja wanachokiona.

Hali ni hiyohiyo katika mambo ya kijiji. Sheria ya Ardhi ya Vijiji Na. 5 ya mwaka 1999 imekipa kijiji mamlaka ya kusimamia ardhi yake, na mipango ya matumizi ya ardhi hupitishwa na mkutano wa kijiji kwa kutazama ramani. Katika wilaya zetu kuna misitu ya hifadhi, mapito ya mifugo, mashamba yanayopanuka, na kambi ya wakimbizi ya Nyarugusu. Mpaka ukikosewa kwenye karatasi, mtu hulima miaka kadhaa kisha huambiwa yupo mahali pasipo pake. Anayeinua mkono kuipitisha ramani asiyoweza kuisoma amepitisha asichokijua. Kwamba wanakijiji wanaweza si jambo la kubahatisha: katika mkoa wetu huuhuu, kwenye vijiji vinavyoizunguka Hifadhi ya Gombe, wakulima wamekaa na picha zilizopigwa na setilaiti, wakatambua nyumba zao, mashamba yao na mabaki ya misitu yao, wakapanga matumizi ya ardhi kwa kuzitazama.

La kufanya wiki hii

Kwa wazazi na walezi tunapendekeza mambo machache. Mwambie mtoto achore njia ya kutoka nyumbani hadi madrasa, kisha mwifuate pamoja mkiwa na mchoro mkononi. Kilichosahauliwa kiongezwe, kilichokosewa kirekebishwe. Mnaposafiri kwenda Kigoma au Kibondo, muulize njiani: sasa tunaelekea upande gani, na jua liko wapi? Ukimtuma, badala ya kusema "pale mbele," sema "mashariki ya mwembe."

Kwa maustadhi wa madrasa, simikeni kijiti uwanjani. Somo la nyakati za swala likutane na somo la jiografia, mtoto aone kwamba elimu ya shule na elimu ya dini hazigombani. Suratun-Nahl inazitaja nyota kuwa ni alama za kuwaongoza watu. Usiku mmoja wa kiangazi wanafunzi watolewe nje wakazitazame.

Kwa waalimu wa shule, iteremsheni ramani kutoka ukutani. Ilazeni sakafuni, kaskazini ya karatasi ielekee kaskazini ya nchi, watoto waizunguke. Watauona mkoa wao umelala kama ulivyolala kweli.

Hivyo ndivyo alivyofanya mwalimu wetu wa Kitanga kabla hatujaondoka. Ramani ilishushwa, ikalazwa, ikageuzwa. Yule mtoto aliyenyoosha kidole darini alichuchumaa, akaitafuta Kasulu, akaweka kidole hapo. Kisha akainua macho, akakitazama kidole chake, akalitazama dirisha la nyuma, akasema kwa sauti ya chini: "Kumbe ni huku tunakoswalia."

Wabillahi tawfiq.